Kuhema harakaharaka kabla ya kuzamia

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Mimi ni mvuvi wa Kojani, kisiwa cha Pemba, nazamia pweza kwa miwani tu, bila mtungi, pima tano mpaka sita. Kabla ya kushuka huwa nahema harakaharaka hadi vidole vifanye ganzi na kichwa kiwe chepesi. Hapo najua damu imeshajaa hewa, na kweli nakaa chini sana bila kubanwa na pumzi. Msimu uliopita, tukiwa dago, kambini kwa wavuvi, mwenzetu alizimia wakati anapanda, karibu kabisa na juu, na chini hakuwa na tatizo. Tulimuwahi. Wazee wanasema ni shetani wa bahari. Wewe wasemaje?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ya shetani sitayaingilia, ila kwa ulivyoeleza, mimi naishuku hiyo pumzi ya harakaharaka.

Unadhani unaongeza oksijeni. Huongezi kitu cha maana. Mtu mzima mwenye afya, akikaa tu na kupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, damu inayotoka mapafuni mwake imeshabeba kama asilimia 97 ya oksijeni inayoweza kubeba. Unachofanya kwa kuhema ni kuifukuza hewa ukaa, ile taka tunayoitoa kwa kila pumzi. Ikipungua mno damuni, mishipa ya ubongo hubana, damu inayofika kichwani hupungua, na neva za vidole na midomo huanza kuchonyota. Yaani ule wepesi wa kichwa unaoufurahia ni ubongo kupata damu kidogo.

Sasa, kubanwa kunatoka wapi? Si mapafuni. Mapafu hayana msuli wa kujitanua. Yanatanuliwa na kiwambo, ule msuli uliotenga kifua na tumbo, pamoja na misuli ya mbavu. Amri hutoka kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Huko kuna seli zinazopima asidi, na kinacholeta asidi ni hewa ukaa. Ikipanda kidogo tu, unabanwa, na ukizidi kujizuia kiwambo kinaanza kurukaruka. Haldane na Priestley, wanasayansi wa Uingereza, walilionesha hilo mwaka 1905. Oksijeni nayo ina vipimo vyake, penye panda ya mishipa mikubwa ya shingo, lakini hivyo huamka hasa ikiwa imeshashuka sana. Ukiingia majini umeshaitoa hewa ukaa, kengele inachelewa kupiga, na oksijeni inaliwa kama kawaida.

Kwa nini basi mwenzenu azimie akipanda, si chini? Ni mgandamizo. Kwenye mita 10, kiasi cha pima tano na nusu, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Tuseme oksijeni iliyobaki mapafuni ni sehemu 5 kwa 100. Kule chini inasukumwa damuni kana kwamba ni sehemu 10, na akili bado inafanya kazi. Ukipanda, mgandamizo unaondoka na zile 5 zinabaki 5. Oksijeni inaweza hata kutoka damuni kurudi mapafuni. Mtu anazimika bila onyo, mita chache kabla ya kuibuka. Mzamiaji hodari ndiye ninayemhofia zaidi, kwa kuwa ndiye anayejua kuvumilia.

Kwa hiyo acha kabisa kuhema. Elea, pumua taratibu kama mtu anayetaka kulala, vuta moja ya kina, shuka. Ukiibuka, pumzika angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Ukibanwa, panda, hata kama pweza umeshamchoma na kang'ang'ania jiwe. Na mzamie wawili, mmoja chini na mmoja juu anamtazama. Huyo wa juu asimwondolee macho mwenzake mpaka ipite kama nusu dakika tangu aibuke, maana wapo wanaozimia wakiwa wameshavuta pumzi ya kwanza.

Akizimia, inueni uso wake juu ya maji, mvueni miwani, mwiteni kwa jina. Asipopumua, mpulizieni mdomoni papo hapo huku mkimsogeza chomboni. Hata akizinduka na kusema mzima, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwani maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana saa kadhaa baadaye.