Akupancha kwa huzuni ya umri wa kukoma hedhi: yafaa kwa Muislamu?

SWALI: Assalaam alaykum Ustadh. Nina miaka 49, naishi Eastleigh. Tangu mwaka jana hedhi imevurugika na usiku fukuto linaniamsha. Kinachonitesa zaidi ni moyo: nalia bila sababu, nawafokea wanangu kisha najuta. Jirani amenishauri akupancha, ile tiba ya sindano ya Wachina. Wifi yangu anasema ni shirki, na kwamba mwenye kuswali hapatwi na huzuni. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu.

Neno la wifi yako kuhusu huzuni silikubali kabisa. Nabii Yaaqub, amani iwe juu yake, alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe (Yusuf: 84). Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Katika umri wako homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpango kabla ya hedhi kukoma. Usingizi unakatika, na moyo nao unayumba. Hayo ni maumbile, hujakosa.

Kuhusu shirki, kipimo alituachia Mtume (s.a.w.). Maswahaba walipomuuliza juu ya kinga walizokuwa wakisoma zama za ujahilia, alisema wamwoneshe, hapana ubaya maadamu hamna shirki ndani yake (Muslim). Sindano nyembamba zinazochomwa mwilini ni sababu tu ya kupata nafuu, kama hijama (kuumika). Waasisi wa tiba hii walisema zinafungua njia za nguvu iitwayo “chi”. Wewe hulazimiki kuitakidi hivyo. Lakini ukiambiwa uvae hirizi au uombe mizimu, ondoka hapo hapo.

Naona ni wajibu wangu kukwambia na hili, maana pesa yako ni amana. Utafiti umeonesha kuwa waliochomwa sindano walipata nafuu ya fukuto kuliko wasiotibiwa, ila walipolinganishwa na waliochomwa sindano za kuigiza, tofauti ilikuwa ndogo sana. Kwa hiyo usiitegemee peke yake. Anza kwa daktari akupime damu na tezi ya shingo, kwani nazo huleta hali kama yako, na usiache dawa atakazokupa. Ukijiwa na fikra za kutamani kufa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Tafuta mtaalamu mwanamke. Asipopatikana, mwanamume anaruhusiwa kwa haja, usiwe naye faragha, na ufunue pale panapochomwa tu. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yako. Hazifunguzi saumu.

Hukuuliza juu ya swala, lakini najua inakutatiza. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, damu ikizidi siku 15 na huwezi kuipambanua kwa sifa zake, hesabu siku za ada yako ya zamani kuwa hedhi. Zilizobaki ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi: oga, jifunge kitambaa, tawadha kwa kila faradhi wakati wake ukiingia, uswali. Na damu ya kupita kiasi mwoneshe daktari.

Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina kwa mgonjwa na aliyefiwa, akisema amemsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa inautuliza moyo na kuondoa baadhi ya huzuni (Bukhari na Muslim). Ni uji wa unga wa shayiri. Mpe wifi yako salamu zangu, umwambie nimemwomba akupikie.

Wallahu a'lam.