Mwanangu anashinda kwenye kibanda cha gemu, nimnunulie ya mkononi kutoka Japani?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Ngamiani hapa Tanga, asubuhi nauza mahamri na mbaazi. Mume wangu ni baharia, yupo melini mwezi wa saba sasa. Kijana wetu mkubwa ana miaka 12, yuko darasa la sita. Mwaka huu hashikiki. Akitoka shule anapitiliza kwenye kibanda cha gemu, madrasa haendi, anarudi magharibi imeshaadhiniwa. Juzi nimekuta elfu tano haipo kwenye mkoba wangu. Nilipombana akakiri kuwa kaichezea yote.*

*Zamu yangu ya upatu imefika, nimepokea 700,000. Nimeona bora nimnunulie gemu yake ya mkononi atulie nyumbani. Muuzaji mmoja wa Dar nimempata kwa simu, ana Nintendo Switch Lite iliyotumika, imetoka Japani. Anataka 420,000 zote kwanza, ndipo aitume kwa basi, na anasema ndani ina gemu zaidi ya mia za bure. Nilipomweleza baba watoto akasema nisubiri, meli yao itapita Yokohama, huko kuna Switch 2 mpya ya Kijapani ya bei nafuu, atarudi nayo baada ya miezi mitatu. Wifi yangu naye kasema namtuza mtoto kwa kuiba. Sipati usingizi, Shangazi. Nishike lipi?*

*Mama wa Ngamiani*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kukosa usingizi, na pole zaidi kwa kulea watatu peke yako huku unaamka usiku kukanda unga. Huyo muuzaji usimtumie hata shilingi. Kaa kitako tuzungumze.

Umeniuliza habari za mashine, nami nitakujibu habari za mashine, maana hiyo ni pesa ya jasho lako na asiyezijua hizi mashine hupunjwa mchana kweupe. Lakini kuna maneno mawili umeyaandika ukayapita upesi. La kwanza, baba yake yupo melini mwezi wa saba. La pili, mtoto hashikiki mwaka huu. Yaweke pamoja uyatazame.

Mimi ni binti wa baharia. Baba yangu alikuwa mpishi melini, na kila akirudi sanduku lilikuwa na kitu cha ng'ambo. Mwaka mmoja alituletea redio kaseti, majirani wakajaa ukumbini kuiangalia. Kaka yangu aliifungua na bisibisi siku ya nne, ikafa. Hatukugombana kwa ajili ya redio. Tulichokuwa tukigombania kila jioni ni nani atakaa karibu na baba kwenye mkeka wakati wa kula, na kaka yangu, mtoto wa miaka kumi na moja, alikuwa akilia kweli akikosa nafasi ile. Ndiyo maana barua yako nimeisoma mara tatu.

Sasa nakuomba jambo. Siku moja ukimaliza biashara, nenda kwenye kile kibanda. Usiende kufumania wala kumtoa mtoto kwa sikio mbele ya wenzake. Salimu, kaa kwenye benchi, tazama. Nijuavyo vibanda vyetu, utaona TV moja, pedi mbili, wawili wanacheza na kundi zima nyuma yao linashangilia. Wengi hawana hata mia mfukoni. Wanangoja zamu, wanabishana juu ya timu ya Coastal Union, na yupo kijana mkubwa mwenye kibanda anayewajua wote kwa majina na kuwaambia nani kacheza vizuri. Mwanao anaifuata gemu, sikatai. Lakini anawafuata na wale wenzake, na huyo kaka mkubwa.

Hapo ndipo Switch Lite inaponitia shaka, hata kama ingekuwa nzima na ya bei ya haki. Lite ilitoka mwaka 2019 ikiwa ndogo na rahisi kuliko Switch ya kawaida, na urahisi wake una sababu. Kioo chake ni inchi 5.5, vishikio vimeunganishwa na mwili wake havitoki, na haiungi kwenye TV kabisa, hata ununue waya gani. Ni mashine ya mtu mmoja kujikunyata nayo pembeni. Atakuwa yuko nyumbani, ndiyo, lakini kichwa kimeinama chumbani na wadogo zake wanafukuzwa mlangoni. Kisha wiki ya tatu atarudi kibandani, maana wenzake wako kule.

Switch ya kawaida, iliyotoka Machi 2017, ni nyingine. Kioo ni inchi 6.2, inachezwa mkononi, na ina kituo chake cha kuichomekea kwenye TV. Vishikio vya pembeni vinachomoka viwili, na kwa gemu nyingi kila mtoto anashika kimoja, wakacheza wawili bila kununua pedi nyingine. Baraza lako linaweza kuwa na watoto wanne wa mtaani wanaopokezana, na wewe jikoni unasikia kila neno. Angalia tu TV yenu kama ina tundu la HDMI. Ile ya chogo ya zamani haitakubali.

Turudi kwa muuzaji. Gemu mia za bure hazipo kwenye mashine hii. Anaposema hivyo maana yake imechezewa, imewekwa chipu au programu ya kuvunja ulinzi, na gemu zilizomo zimenakiliwa bila ruhusa. Nintendo, kampuni inayozitengeneza, ikiigundua mashine ya namna hiyo huifungia isiingie tena kwenye huduma zake za mtandaoni, na kifungo kinakaa kwenye mashine yenyewe. Hata ukiweka jina jipya, hata akiinunua mtu wa nne, imefungwa. Na pesa yote kabla ya kuona mzigo? Hapana, mwanangu. Pesa ya simu ikishatoka utamfuata wapi, Dar nzima? Ukija kununua kwa mtu yeyote, iwe yeye au mwingine, awepo ndugu yenu wa kwenda kuishika kwa mkono, kuiwasha na kuijaribu, ndipo alipe palepale.

Halafu hiyo ya baba watoto. Najua amesema kwa upendo, na hapa nataka umjibu upesi kabla meli haijafunga gati. Switch 2, mrithi wa Switch, ilipotoka Juni 2025, Japani walitolewa mashine ya aina mbili. Ile iliyowekewa bei ya yeni 49,980 ina lugha ya Kijapani peke yake. Huibadilishi kwenda Kiingereza, na inakubali akaunti iliyosajiliwa kwa nchi ya Japani tu. Ile yenye lugha nyingi iliwekewa bei ya yeni 69,980, tena ikauzwa kupitia duka la mtandaoni la Nintendo lenyewe. Kwa hiyo hiyo "nafuu" aliyoiona imetengenezwa kwa Wajapani wakaao Japani. Baharia wa Tanga akirudi nayo, mwanao atakuwa anabonyeza maandishi asiyoyajua hata moja.

Lakini safari ya Yokohama isipotee bure. Switch ya kwanza, ile ya 2017 na ndugu zake, haina kufuli hiyo. Ya Japani inabadilishwa lugha kwenye mipangilio ikawa Kiingereza (Kiswahili hakimo), na katriji, kile kikadi cha gemu cha kuchomeka, hata ya nchi nyingine inaingia bila shida. Na Japani maduka ya mitumba ya gemu ni mengi. Mumeo akipata ruhusa ya kushuka, atafute Switch ya kawaida iliyotumika. Namba ya aina imeandikwa kwenye mwili wa mashine: HAC-001 ni ile ya mwanzo, chaji inakaa kati ya saa 2.5 na 6.5 kutegemea gemu. HAC-001(-01) ni ya kuanzia 2019, inakaa saa 4.5 hadi 9. Achukue hii ya pili. Akiona HDH-001, hiyo ni Lite, airudishe kabatini.

Aombe kuiwasha. Vile vijiti vya kuelekezea ndio ugonjwa wake mkubwa: mtu hajagusa kitu, kioo kinatembea chenyewe. Kwenye Switch ya kawaida kishikio kibovu unanunua kingine unachomeka, kwenye Lite mpaka fundi aifungue mashine nzima. Atazame mgongo kama umetuna, maana betri iliyovimba si ya kuingiza kwenye nyumba yenye watoto. Aiunge na WiFi aone kama inaingia kwenye duka la mtandaoni bila kukataliwa. Na ahakikishe mwenye mali wa zamani kafuta akaunti yake na namba yake ya siri ya wazazi.

Chaja nayo asiisahau. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Mpwa wangu aliletewa kimashine cha zamani kutoka huko, tukachomeka chaja yake ukutani kwa furaha, ikatoa moshi kabla hata hatujakaa. Ilikuwa imeandikwa 100V, tena kwa maandishi ya kuonekana, na sisi watu wazima watatu hakuna aliyesoma. Kama kwenye chaja pameandikwa INPUT 100-240V, ni salama, mtahitaji plagi ya kugeuzia tu kwa kuwa ya Kijapani ina meno mawili bapa. Ikiandikwa 100V pekee, iacheni hukohuko.

Kwa gemu yenyewe, bila shaka ni mpira anaoupenda. Kwenye Switch, gemu za mpira za FIFA zilianza na FIFA 18. Zile za kuanzia FIFA 20 hadi FIFA 23 ni mchezo uleule, kilichobadilika sana ni jezi na majina ya wachezaji. Msilipe zaidi kwa sababu ya namba ya juu. Katriji moja ya mtumba inatosha kuanzia, na mumeo asome nyuma ya boksi, maana baadhi ya katriji za Japani zina Kijapani tu. Chagueni katriji kuliko gemu ya kupakua. Katriji utaiazima, utaibadilisha, utaiuza. Ile ya kupakua imefungwa kwenye akaunti, na bando nani atalipa?

Mkitaka kuagiza kwa kifurushi badala ya mtu kubeba, jueni kuna ushuru wa forodha, na juu yake VAT ya asilimia 18. Bei ya kwenye tangazo siyo utakayolipa.

Sasa mtoto. Wifi yako usimkasirikie, kuna ukweli ndani ya maneno yake. Ukinunua gemu wiki hii, mwanao atajifunza kuwa elfu tano ya mama ikipotea, inarudi na zawadi. Kwa hiyo elfu tano ilipwe kwanza. Isiwe kwa fimbo. Asimame nawe asubuhi za Jumamosi na Jumapili kufunga mahamri na kuhesabu chenji, umlipe kidogo, naye akurudishie mkononi mpaka itimie. Atajua elfu tano ni mahamri mangapi. Na madrasa arudi kesho, hilo halina mazungumzo. Kibanda usimkataze kabisa, mpe siku moja, mbili kwa wiki, na saa ya kurudi. Zungumza na yule kijana mwenye kibanda umwombe amrudishe nyumbani alasiri ikifika. Wengi wao wana mama, watakusikia.

Baba yake apige simu, aombe kuzungumza na mtoto peke yake. Wewe toka nje. Asianze na wizi. Amwulize anapenda timu gani, anacheza namba ngapi, nani anamfunga pale kibandani. Kisha amwambie wazi: nimesikia, umekosea, utalipa, na nikirudi, Mungu akipenda, nitakuja na mashine ya watu wawili, kishikio kimoja chako, kingine changu. Asiseme hivyo kama hana hakika. Mtoto wa baharia ana kumbukumbu ndefu kwa ahadi.

Ikishafika, ilale chumbani kwako, si kwake. Nintendo wana programu ya simu kwa wazazi, unaweka dakika za siku na inakuonyesha alichocheza. Mwache baba yake aiweke kabla hajaondoka tena, akufundishe na wewe.

Na hiyo 700,000, mwanangu, ni zamu yako ya upatu uliyoingoja. Mumeo ndiye atakayenunua mashine. Ulisema watoto ni watatu, nawe humo kwenye hesabu hujajitaja. Niandikie tena uniambie ulipanga kuifanyia nini kabla ya haya yote.