Jibu: Maonyesho ya Essen na mtoto wa miaka 10
Dada, umeuliza kama yale maonyesho ya michezo ya mezani, Spiel ya Essen, Ujerumani, yanamfaa mtoto wa miaka 10 au ni kuuziwa maboksi tu. Mpeleke aisee! Kuuza wanauza, ila yalianzishwa 1983 kwa ajili ya wachezaji wenyewe, mnakaa mezani mnaelekezwa sheria mnacheza, kununua hulazimishwi.

Kuhusu kujifunza, chukua mchezo wa Catan tu, ule aliobuni Klaus Teuber 1995. Unarusha dadu mbili unajumlisha, na karibu kila kipande cha ardhi kina namba yake, ikitokea hiyo namba aliyejenga hapo anavuna. Sasa 8 ina njia 5 za kutokea kati ya 36, 12 ina moja tu, kwa hiyo mtoto akijenga kwenye 12 halafu anakaa weee hapati hata ngano, ataanza kuuliza mwenyewe kwa nini mwenzake wa kwenye 8 anavuna kila saa, na hapo ndo hesabu inaingia bila kulazimishana. Bado hujafika kwenye kubadilishana mali, lazima aongee, apatane, akatae, tena kwa Kijerumani.

Jumamosi watu wanajaa mno, nendeni siku nyingine na muwahi asubuhi.