Mtoto avunje kwanza, maelezo baadaye

Jumamosi hapa kwetu Mwanga, Kigoma, watoto wa majirani hujumuika na wangu, na kazi yetu kubwa ni kuvunja vitu. Ukitaka mwanao aelewe kwa nini vitu vingine hupinda na vingine hukatika, usianze na maelezo. Mpe avunje, ila kwanza aseme anadhani kitatokea nini. Akishabashiri, macho hayabanduki.

Ninalolipenda zaidi ni jaribio la sindano za kushonea. Pepea mkaa, shika sindano kwa koleo hadi iwe nyekundu kabisa, kisha itumbukize papo hapo kwenye maji. Ya pili ikishakuwa nyekundu iache humohumo, uifukie kwa majivu hadi jiko lizimike lenyewe. Ya tatu usiitie motoni. Zikunjeni kwa koleo mbili juu ya kitambaa, na macho yakingwe, maana vipande huruka. Ya majini hukatika kama kioo. Ya majivuni hupinda ikabaki imepinda. Ile ya tatu hupinda kidogo na kurudi, ikizidiwa ndipo inakatika.

Watoto watakwambia, "Maji ndiyo yameikaza!" Hapo lete waya wa kufungia nondo, uupitishe kwenye moto uleule na maji yaleyale. Utabaki laini. Basi siri haiko kwenye maji peke yake. Sindano ina kaboni (kitu kilekile kilichojaa kwenye mkaa) ya kutosha, waya una kidogo mno. Chuma kikiwa chekundu, kaboni hutawanyika katikati ya atomu zake. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa pale ilipo na atomu haziwezi kuteleza, ndipo chuma hukatika badala ya kupinda. Kikipoa taratibu, kaboni hupata muda wa kujitenga. Ndiyo maana mhunzi akishatia panga maji hulipasha tena kidogo, lisije likakatika shambani.

Koleo na moto ni vya mtu mzima, hilo halina mjadala.

Kwa wadogo, udongo wa mfinyanzi unatosha. Finyangeni vipande viwili virefu, kimoja kichanganywe na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Vikikauka kivulini, viegemezeni juu ya matofali, mning'inize kopo katikati na kuongeza mchanga kijiko kwa kijiko. Cha udongo mtupu hukatika ghafla. Chenye nyasi hupata ufa lakini bado hushikilia. Binti yangu akataka nyasi tele. Tukajaribu: kikawa dhaifu kuliko vyote, kwa sababu udongo haukubaki wa kutosha kushikana.

Mawese hayahitaji hata maandalizi. Asubuhi za baridi za Julai chupa huwa na mgando chini na mafuta mekundu juu, kwa kuwa ndani mna mafuta ya aina mbalimbali, kila aina ikiganda kwa joto lake. Yachujeni kwa kitambaa, muone kipi kitayeyuka mwisho juani.

Wengi huanza na msumari uliotiwa kwenye maji ya chumvi ili ushike kutu. Mimi siupendi sana: kutu huchukua siku kadhaa, na mtoto wa miaka saba ameshasahau alichobashiri. Sindano je? Nunua pakiti nzima dukani, usiguse za mama yao.