Anasahau tangu agongwe na bodaboda

Pole sana, mama. Unasema kijana wako wa miaka 9 anasahau tangu agongwe na bodaboda; CT scan (picha ya ndani ya kichwa) imetoka safi, lakini ukimtuma dukani anarudi mikono mitupu. Kipimo hicho huonyesha damu iliyovuja au fuvu lililopasuka, si namna mtoto anavyopanga mambo. Mwanangu naye, alipoumia kichwa, alijibu maswali yote ya daktari kwenye chumba kimya. Lakini nyumbani akavaa viatu kabla ya soksi.

Mtume vitu vitatu, tuseme chumvi, kiberiti na sabuni. Andika alichosahau, saa ngapi, kulikuwa na kelele? Mwalimu naye aandike. Daftari hilo mpelekee daktari wa mishipa ya fahamu. Na usimchape, huo si ukaidi.

Akitapika, akidegedeka au akisinzia isivyo kawaida, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.