ALT kubaki juu: usisubiri dalili

Pole dada uliyeuliza kwa nini kipimo chako cha ini hakishuki. ALT (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) kubaki juu miezi 8 huku hujisikii kuumwa inachanganya, lakini ini huharibika kimyakimya. Ikishapita miezi 6, chanzo lazima kitafutwe. Omba upimwe homa ya ini B na C, pamoja na ultrasaundi. Mafuta kwenye ini ni chanzo cha kawaida, hasa kwa mwenye kisukari au kitambi. Mwoneshe daktari dawa zote unazotumia, hata ile ya mitishamba uliyosema umenunua sokoni. Watu huzificha hizo, nazo ndizo zinanitia hofu zaidi. Mbege, hiyo pombe ya ndizi, acha kabisa kwa sasa. Macho yakigeuka manjano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, kimbilia hospitali ya KCMC, Moshi, siku hiyohiyo.