Kabla hujaagiza tabo Dar, jua kwanza oili inatokea wapi

Ndugu zangu wenye Hilux, Prado na Canter huku kusini, msimu wa korosho ukianza tu simu zinakuwa zilezile, fundi kaniambia tabo imekufa inavuja oili, niagize Dar? Jibu langu huwa subiri kwanza. Tabo, ile mashine inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa, ni hela ndefu, na nyingi ninazoletewa zimesingiziwa tu, ugonjwa uko kwingine kabisa, ukifunga mpya nayo itavuja hivyohivyo.

Ndani ya tabo hamna sili ya mpira. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, mpira gani utakaa hapo? Kuna viringi vidogo vya chuma pande mbili, vinasaidiwa na presha ya hewa upande mmoja na ya moshi upande wa pili. Oili inaingia kwa presha toka kwenye injini lakini kutoka inateremka yenyewe tu kwenda sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hamna kinachoisukuma. Kwa hiyo njia ya kuteremkia ikibana oili inajaa mule ndani na kupenya kwenye ringi ambazo ni nzima.

Mimi kitu cha kwanza naosha. Safisha kote, kausha, washa gari, chukua tochi uangalie juu kwanza, maana oili ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, inashuka mpaka kwenye tabo na mtu anaapa tabo ndo inavuja. Juu kukavu? Sasa fungua paipu ya hewa. Unyevu kidogo wa oili mle usikutishe, ni mvuke unaotoka kwenye paipu ya kupumulia injini. Oili ikiwa imetuama kama dimbwi, hiyo siyo kawaida, na hapohapo itazame eya klina (chujio la hewa), vumbi la njia za mashambani linaiziba mapema sana, tabo inavuta hewa haipati inaanza kunyonya oili yake yenyewe.

Injini ikiwa imepoa shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni sawa, ile nafasi ni ya oili. Ivute nje uisukume ndani, ukisikia kabisa inatembea, au ukiona mapanga yamekwaruza nyumba yake, hapo sikudanganyi, tabo imeisha.

Ikiwa nzima nenda kwenye ritani, ile paipu ya kuteremshia oili kwenda sampu. Kuna Prado ililetwa toka Newala, tabo mpya kabisa na bado inamwaga, mzee wa watu kashalipa mara mbili. Nikafungua paipu ya ritani nikakuta aliyefunga kapaka silikoni kwenye gasketi, ilipokazwa ikajikamua kwa ndani, ikaziba tundu karibu nusu, unaigusa kwa kidole inabonyea. Nikaikwangua yote, nikaweka gasketi kavu, kuvuja kukaisha na tabo ni ileile. Inaniuma sana mtu kupoteza hela ya korosho kwa tone la silikoni, mafundi wenzangu tuache kabisa hii tabia.

Halafu fungua kifuniko cha oili gari ikiwa inaunguruma. Ikipumua kidogo poa, ila moshi ukichomoka kwa nguvu mfululizo basi paipu ya kupumulia imeziba au ringi za pistoni zimechoka, presha imejaa sampu na oili ya tabo haiwezi kushuka.

Na moshi wa buluu je, gari imekaa foleni ghalani inaunguruma, ukikanyaga mafuta linatoka wingu? Inaweza kuwa tabo, inaweza kuwa sili za vali. Fungua ekzosi uangalie kabla ya tabo na baada yake: kabla pakavu na baada pameloa, ni tabo, kabla pameshaloa, oili inatoka kwenye injini yenyewe.

Ukishamaliza kurekebisha osha na intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo kwenda injini, mkimwaga oili yote iliyobaki humo, hili msilipuuze. Injini ya dizeli inaweza kuila ile oili ikapanda mzunguko yenyewe na ukizima swichi haizimiki. Ikikutokea, kama ni ya gia za mkono weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi izime, na mkono wako usiusogeze kwenye mdomo wa tabo.